Sola au muungano wa nyuklia: kambi ya Mwezini iwashwe na nini?

Anayetumia sola nyumbani hujua mapema kwamba paneli si tatizo. Pesa na maumivu ya kichwa viko kwenye betri. Mwezini hesabu ni ileile, ila usiku wa kule umepita kiasi: kutoka mawio hadi mawio hupita siku 29.5 za duniani, kwa hiyo karibu na ikweta ya Mwezi jua huangaza wiki mbili, kisha huja giza la saa 354 bila kukatika.

Ndiyo maana mazungumzo ya umeme wa Mwezini hayachukui muda kufika kwenye nyuklia, na siku hizi hurukia moja kwa moja muungano wa nyuklia na ile heliamu-3, aina nyepesi na adimu ya heliamu, inayosifiwa kuwa imelala kwenye udongo wa Mwezi. Muungano ni kugandamiza viini vyepesi vya atomi hadi vishikane, kama Jua lifanyavyo. Usiuchanganye na mpasuko, yaani kupasua viini vizito vya urani, kazi inayofanywa na kila kinu cha umeme wa nyuklia kilichopo duniani leo. Tunalinganisha sola na muungano, lakini mpasuko tutauita shahidi kila mara. Bila huo, tungekuwa tunapima kitu kinachouzwa dukani dhidi ya kitu ambacho hakijawahi kuingiza hata uniti moja kwenye gridi.

Mzigo wa kupimia

Ulinganisho usio na mzigo ni porojo, basi tuchukue kW 40, usiku na mchana. Ndicho kiasi NASA ilichotaja mwaka 2022 ilipowapa Lockheed Martin, Westinghouse na IX kandarasi za kusanifu kinu kidogo cha mpasuko cha kuwekwa Mwezini: kW 40, miaka 10, lengo la uzito likiwa chini ya tani 6. Ni umeme wa nyumba 30 hivi za Marekani. Agosti 2025 shirika hilo lilipandisha lengo hadi kW 100 na kutaka kinu kiwe tayari kurushwa kufikia 2030. Anayependa mzigo huo mpya azidishe namba zetu za sola kwa 2.5.

Sola mchana: hakuna wa kushindana nayo

Mwezi hauna mawingu wala angahewa ya kuchuja mwanga. Kila mita ya mraba inayolikabili jua hupokea wati 1,361. Seli za tabaka tatu, zile za kwenye setilaiti, hugeuza karibu 30% kuwa umeme. Toa hasara za nyaya, joto na vumbi, ubaki na 85% ya hapo: wati 347 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kW 40 zinataka mita za mraba 115, eneo dogo kuliko kiwanja cha voliboli.

Paneli hizi hukunjwa au huviringishwa kama mkeka wakati wa safari. Hazina kitu kinachozunguka isipokuwa mota ya kufuata jua. Zikiharibika mbili kati ya kumi, kambi inapoteza moja ya tano ya umeme na maisha yanaendelea; kinu kimoja kikizima, kimezima chote. Hii ni faida kubwa kuliko inavyosemwa, hasa mahali ambapo fundi wa karibu yuko umbali wa kilomita 384,000.

Jambo moja la kuangalia: karibu na ikweta ardhi yenyewe hufika nyuzijoto 117 adhuhuri na kuikaanga paneli kwa chini, na seli ikipata moto umeme hupungua. Paneli iinuliwe juu ya ardhi, na mgongo wake uvalishwe karatasi ya kuakisi joto.

Sola usiku: hapa ndipo tani zinapoanza

kW 40 kwa saa 354 ni uniti 14,160. Betri ya lithiamu iliyokamilika, pamoja na kasha, hita na saketi za ulinzi, hubeba kama wati-saa 150 kwa kilo. Usiinyonye hadi mwisho; tumia 80% tu ili idumu. Jibu linatoka tani 118. Blue Moon Mark 1, chombo cha mizigo cha Blue Origin, kimekusudiwa kushusha tani 3 kwa safari moja. Yaani safari 40 za betri tupu, kabla hujashusha kitanda wala tangi la hewa.

Njia ya kupunguza uzito huo ni hidrojeni. Mchana umeme wa ziada unachanganua maji kuwa hidrojeni na oksijeni, usiku gesi hizo zinarudishwa kuwa maji ndani ya seli za hidrojeni na kutoa umeme. Kilo moja ya maji yaliyochanganuliwa hurudisha kama uniti 2.2, kwa hiyo usiku mzima unahitaji tani 6.4 za maji, juu yake matangi ya shinikizo, pampu, vikaushio na rejeta. Hata ukizidisha mara mbili au tatu kwa ajili ya vyuma hivyo, umeishinda betri kwa mbali. Gharama inajitokeza upande wa pili: umeme unaorudi ni chini ya nusu ya ulioingia, kwa hiyo paneli za kW 40 hazitoshi. Utahitaji za kW 120 na zaidi, karibu mita za mraba 350. Isitoshe, mabomba yenye maji yakipita kwenye kivuli ni mabomba yanayongoja kupasuka. Kila kiungo chenye maji kinataka hita, na hita zote zinatakiwa kubaki hai hata siku ambayo mfumo mkuu umezima.

Betri nayo haipendi baridi. Usiku wa ikweta ya Mwezi hushuka hadi karibu nyuzijoto −178. Lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri, chuma chake hujipaka kwenye elektrodi badala ya kuingia ndani, na baada ya hapo betri hiyo huwezi kuiamini tena. Viungo vya risasi kwenye saketi huchoka kwa kutanuka na kunywea kila mwezi. Kwa sababu hiyo vyombo vingi vya sola hufa usiku wa kwanza, si kwa kukosa mwanga tu bali kwa kupasuka kwa baridi.

Kumbukumbu za Mwezini zinasema hivyohivyo. Kipima-mitetemo cha Apollo 11 kilitegemea paneli za jua na kikanyamaza kabla ya Agosti 1969 kwisha. Vile vya Apollo 12 na kuendelea vilipewa SNAP-27, kifaa kinachogeuza joto la plutoniamu-238 kuwa kama wati 70 za umeme. Vilifanya kazi hadi 30 Septemba 1977, vilipozimwa kwa amri kutoka duniani kwa kukosa bajeti, wala havikufa vyenyewe. Lunokhod 1 ya Usovieti, mwaka 1970, ilifunga kifuniko chake chenye paneli kila usiku na kujipasha moto kwa poloniamu-210, ikaishi miezi kumi. Vikram na Pragyan vya India vilitua 23 Agosti 2023, vikalazwa mwanzoni mwa Septemba, havikuamka. SLIM ya Japani ilitua Januari 2024 ikiwa imesimamia pua, paneli zikitazama magharibi. Ilibidi izimwe hadi jua lizunguke, ikaamka 28 Januari, na kwa mshangao wa walioiunda ikavuka usiku tatu. Anayepanga kambi asijenge juu ya bahati ya SLIM.

Ncha ya kusini: mahali sola inapopata pumzi

Mhimili wa Mwezi umeinama digrii 1.5 tu. Kwenye ncha, jua halipandi. Linatembea pembeni mwa upeo na kuzunguka duara zima kwa siku 29.5. Kilele kilichoinuka hulipata karibu muda wote. Ukingo wa kreta ya Shackleton (yenye upana wa kilomita 21) na tuta linaloiunganisha na kreta ya de Gerlache vina sehemu zinazoangazwa zaidi ya 80% ya mwaka. Msemo wa "vilele vya nuru ya milele" ni wa kuuzia. Nuru ya milele haipo. Kilichopo ni kiangazi chenye mwanga wa miezi mfululizo na kipupwe chenye vipindi vya giza la siku chache.

Tuchukue giza la saa 100. Kwa mzigo kamili betri zinashuka kutoka tani 118 hadi 33. Ukifanya mgao, yaani ukazima uchimbaji, maabara na kuchaji vigari, ukabakiza hewa, joto na mawasiliano kwa kW 10, betri ni tani 8.3. Hapo sola inaanza kusomeka. Mgao si aibu. Ndiyo namna ya bei nafuu kuliko zote ya kuhifadhi umeme.

Lakini ncha ina masharti yake:

Paneli lazima zisimame wima, juu ya mlingoti, na zigeuke kama digrii 12 kwa siku. NASA ilizipa kampuni za Astrobotic, Honeybee Robotics na Lockheed Martin kazi ya kutengeneza milingoti ya aina hii mwaka 2022: urefu mita 10, umeme kW 10, uwezo wa kujisimamisha wenyewe na hata kuhamishwa. Milingoti minne ingetosha kambi yetu kwenye karatasi. Usipeleke minne.

Sababu ni kivuli. Jua likiwa digrii 1.5 juu ya upeo, kitu cha mita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 380. Mlingoti mmoja huufunika mwingine, chombo kilichotua huifunika milingoti yote, na jua linapozunguka kila kitu hupata zamu ya kumfunika mwenzake. Panga milingoti mbali mbali, isilingane kwenye mstari mmoja, na uhesabu sita ili minne iwe kwenye mwanga wakati wowote. Kabla ya kuchagua mahali, piga hesabu ya upeo kwa kila digrii ya mzunguko mzima kwa kutumia ramani za mwinuko za LRO, chombo cha NASA kinachouzunguka Mwezi. Kosa la mita chache za urefu linaweza kugeuza giza la siku tatu kuwa la siku sita.

Kutua kwa mteremko nako kuna adhabu yake. Athena, chombo cha kampuni ya Intuitive Machines, ililala ubavu karibu na Mons Mouton tarehe 6 Machi 2025. Jua lilikuwa upande mmoja, paneli upande mwingine, na safari ikaisha haraka.

Vumbi ni sura nyingine. Ni kali kama vioo vilivyosagwa kwa kuwa hakuna maji wala upepo wa kulainisha kingo zake, na mionzi ya jua hulichaji umeme likang'ang'ania paneli. Halipeperuki lenyewe kama la Mirihi. Anayelirusha ni wewe, kwa roketi. Apollo 12 ilitua kiasi cha mita 160 kutoka Surveyor 3, chombo kilichotangulia kutua pale, na bado ikaipiga msasa. Weka uwanja wa kutua zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye paneli, na kilima kati yao kama kipo.

Halafu kebo. Barafu iko chini kwenye kreta zisizoona jua kamwe, mwanga uko juu ukingoni. Ukitaka kushusha kW 10 umbali wa kilomita moja kwa volti 120, mkondo ni ampea 83. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 3.4, na hasara inatoka kW 23: zaidi ya umeme uliotuma. Pandisha hadi volti 3,000, mkondo unakuwa ampea 3.3 na hasara wati 38. Shaba hiyo ina uzito wa kilo 179, kwa hiyo wasanifu huipendelea alumini. Hesabu hii ya kebo tutairudia.

Muungano: mafuta siyo shida

Upepo wa jua umekuwa ukipigilia heliamu-3 kwenye udongo wa Mwezi kwa mabilioni ya miaka. Sampuli za Apollo ziliionyesha, na mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikadiria kwamba Mwezi mzima una tani milioni moja hivi. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyetembea Mwezini na Apollo 17, ameitetea kwa miaka mingi. Mvuto wake ni kwamba heliamu-3 ikiungana na deuteriamu (hidrojeni nzito) hutoa protoni badala ya nyutroni. Protoni ina chaji, hushikika kwa sumaku, haitoboi kuta.

(Kwa wanaouliza: heliamu iliyogunduliwa Rukwa, Tanzania, ni heliamu-4, iliyotokana na kuoza kwa urani na thoriamu ndani ya miamba ya kale. Inafaa majokofu ya hospitali, si mafuta ya muungano.)

Sasa tazama kinachotokea ukifanya hesabu ya kambi. Kilo moja ya heliamu-3 ikiungua yote na deuteriamu hutoa joto la uniti milioni 163. Mzigo wetu wa kW 40 ni uniti 350,400 kwa mwaka. Tuseme nusu ya joto inageuka umeme: unahitaji gramu 4.3 za heliamu-3 na gramu 2.9 za deuteriamu. Gramu saba kwa mwaka. Mafuta ya miaka kumi yana uzito wa yai kubwa.

Kuyachimba palepale ni habari nyingine. Kiwango cha kawaida ni sehemu 10 kwa bilioni, kwa hiyo gramu 4.3 zimetawanyika kwenye tani 430 za udongo. Udongo huo upashwe joto hadi nyuzijoto 700 ili gesi itoke, kazi ya karibu uniti 78,000, zaidi ya moja ya tano ya umeme wote wa mwaka, usiporudisha joto kwenye mzunguko. Na kinachotoka ni heliamu ya kawaida kwa wingi, hidrojeni, maji na kaboni. Heliamu-3 ni tone la kuchujwa ndani yake. Nani atapeleka tingatinga, tanuri na mtambo wa kuchuja ili aepuke kubeba gramu 43 kutoka duniani kwa miaka kumi? Duniani heliamu-3 inapatikana kwa tritiamu (hidrojeni nzito zaidi, yenye mionzi) inayooza, kidogo na kwa bei ghali, lakini gramu 43 zipo.

Kwa maneno mengine, heliamu-3 haina uhusiano mkubwa na umeme wa Mwezini. Ni hoja ya kuuza mafuta duniani, tani kwa tani, na tani moja inataka udongo tani milioni 100. Wanunuzi wa kwanza waliojitokeza hata si wa nishati: mwaka 2025 kampuni ya Interlune ya Marekani ilitangaza mikataba ya kuuza heliamu-3 ya Mwezini kwa watengenezaji wa majokofu ya kompyuta za kwanta.

Mashine ndiyo shida

Plazima (gesi iliyopata moto hadi atomi zikapoteza elektroni) ya deuteriamu na tritiamu, mchanganyiko mwepesi kuwashwa kuliko wote, inataka joto la nyuzi milioni 150. Deuteriamu na heliamu-3 wanataka mara nne ya hapo au zaidi. Hata ule mwepesi bado unasumbua. NIF, maabara ya leza ya California, 5 Desemba 2022, ilipata megajuli 3.15 kutoka megajuli 2.05 za leza, lakini leza zenyewe zilinyonya karibu megajuli 300 kutoka ukutani. JET, mtambo wa majaribio wa Uingereza, ulitoa megajuli 69 katika sekunde tano Oktoba 2023, takriban uniti 19 za joto. Mtambo mwenzake wa Ufaransa, WEST, ulishikilia plazima dakika 22 Februari 2025, rekodi ya muda, si ya umeme. ITER, mradi wa kimataifa unaojengwa Cadarache, Ufaransa, ina mashine ya tani 23,000. Ratiba yake mpya inaweka majaribio ya deuteriamu na tritiamu mwaka 2039, na haitafungwa jenereta hata kidogo.

Je, haiwezi kupunguzwa? Kwa kiasi. Plazima huzalisha joto kwa ujazo wake na kulipoteza kwa uso wake, hivyo ndogo hupoa upesi, kama chai kwenye kikombe ikilinganishwa na chai kwenye sufuria. Sumaku kali zaidi husaidia sana: SPARC, mtambo wa majaribio unaojengwa Devens, Massachusetts, inatumia sumaku zinazoweka uga wa tesla 12 katikati ya plazima ili kupunguza plazima hadi kipenyo kinachoingia ndani ya nyumba. Lakini hata hiyo "ndogo" imesanifiwa kwa joto la megawati 140 kwa mapigo ya sekunde 10 hivi. Kambi ya kW 40 haihitaji hilo, kama ambavyo mwenye kibanda cha chipsi hahitaji tanuri la kuyeyushia chuma.

Kuna maswali manne ambayo watetezi wa muungano Mwezini huyaruka.

La kwanza, kiberiti. ITER inataka megawati 50 za kupasha plazima ili iwake. JET ilisaidiwa na magurudumu mawili ya kuhifadhi nguvu, kila moja tani 775, kwa sababu gridi ya Uingereza isingevumilia mshtuko wake. Mwezini hakuna gridi ya kuazima. Utajenga kwanza kituo kikubwa cha sola au mpasuko ili uwashe muungano, na ukishakijenga utajiuliza muungano ni wa nini.

La pili, kutupa joto. Duniani joto la ziada humwagwa baharini au kwenye minara ya mvuke. Kwenye ombwe linaondoka kwa mnururisho tu, yaani kwa kung'ara kama makaa. Rejeta ya nyuzijoto 127 hutoa kama wati 1,230 kwa kila mita ya mraba ya upande mmoja. Kituo chenye joto la megawati 500 na ufanisi wa 40% kinabaki na megawati 300 za kutupa: rejeta za pande mbili za mita za mraba 122,000, viwanja 17 vya mpira. Unaweza kupandisha joto la rejeta ili zipungue, kwa kuwa mnururisho huongezeka kwa kasi kubwa, lakini kadiri rejeta inavyokuwa moto ndivyo ufanisi wa umeme unavyoshuka.

La tatu, baridi ya sumaku. Husemwa kwamba kreta zenye giza, zinazofika nyuzijoto −240, zitapoza sumaku bure. Kwa joto hilo mita ya mraba hutoa chini ya sehemu ya kumi ya wati moja. Sumaku iliyokaa karibu na plazima hupokea joto maelfu ya mara ya hapo. Majokofu bado utayabeba. Ombwe la bure nalo ni nusu ya kweli: linapunguza pampu, ila chombo lazima kifungwe, la sivyo mafuta yenyewe yatatoroka.

La nne, nyutroni. Hata kwa heliamu-3, deuteriamu huungana yenyewe kwa yenyewe pembeni na kutoa nyutroni. Ni chache, si sifuri. Kuta zitachoka na zitabadilishwa na roboti ambazo hazijatengenezwa.

Mpasuko: mshindani halisi wa sola

Hapa tutapita haraka, kwa kuwa mambo ni mepesi zaidi. Kinu cha mpasuko hakitaki kiberiti: unachomoa fimbo ya kuzuia, joto linaanza. KRUSTY, jaribio la kinu kidogo huko Nevada, lilifanya kazi saa 28 kwa nguvu kamili Machi 2018, likiwa na kiini cha urani chenye nyuzijoto 800, mabomba ya joto yenye sodiamu na injini za Stirling za kugeuza joto kuwa umeme. Walipolifanyia visa, kwa mfano kuacha kutoa joto, lilijipunguza lenyewe, kwa sababu urani ikitanuka mwitiko hupungua. Kabla yake, kinu cha SNAP-10A kilifanya kazi siku 43 kwenye obiti mwaka 1965. China na Urusi nazo zimepanga kinu cha pamoja Mwezini katikati ya miaka ya 2030.

kW 40 za umeme kwa ufanisi wa 25% ni joto la kW 160. Rejeta za pande mbili za mita za mraba 50 zinatosha. Urani-235 inayoungua ni gramu 60 hivi kwa mwaka. Linganisha na gramu saba za muungano: tofauti ya gramu 53 kwenye mtambo wa tani sita haina maana yoyote.

Ubaya wake ni mionzi baada ya kuwashwa. Kiwekwe kiasi cha kilomita moja kutoka kwa watu, au kizikwe kwenye shimo na kuzungushiwa tuta la udongo, na kikishawaka fundi hakisogelei tena. Kabla ya kuwashwa, urani yake ina mionzi hafifu, jambo linalorahisisha urushaji kuliko plutoniamu. SNAP-27 ya Apollo 13 ilirudi na kuanguka Pasifiki, karibu na mtaro wa Tonga, Aprili 1970. Kasha lake lilishikilia.

| Kwa kW 40 mfululizo | Sola, ikweta | Sola, ncha ya kusini | Mpasuko | Muungano |
|---|---|---|---|---|
| Eneo | paneli m² 240 na betri, au m² 350 na hidrojeni | paneli m² 115, ongeza nusu kwa ajili ya vivuli | rejeta m² 50 | haipo kwa ukubwa huu |
| Akiba ya giza | betri tani 118 | tani 33; tani 8 ukiwa na mgao | haihitajiki | haihitajiki |
| Mafuta kwa mwaka | hakuna | hakuna | gramu 60 | gramu 7 |
| Kinachoua | baridi ya wiki mbili | kivuli, vumbi, mteremko | kuzima kwa kinu kimoja | kuwasha kwenyewe |
| Ushahidi | vyombo vingi, vichache vilivuka usiku | bado mchache | majaribio na obiti | hakuna umeme popote |

Uchague nini

Kipimo kimoja cha mchana mmoja, mahali popote: sola na betri ndogo. Chombo cha Blue Ghost kilifanya hivyo Machi 2025 huko Mare Crisium, kikamaliza siku zake 14 na kuzimika kwa amani. Usihangaike na usiku.

Kifaa kidogo cha kuishi miaka mingi kwa wati chache: paneli za mchana na vipande vya plutoniamu vya kutoa joto usiku, kama kigari Yutu-2 cha Chang'e 4, kilichotua upande wa nyuma wa Mwezi Januari 2019.

Watu wanne hadi sita kwenye tuta la ncha ya kusini, chini ya kW 40: sola kwenye milingoti sita na betri za mgao. Anza na hii hata kama kinu kinakuja, kwa sababu siku ya kwanza hakuna mwingine wa kukipa umeme wa kujifungua.

Kambi hiyohiyo ikianza kuyeyusha udongo kupata oksijeni na vyuma, kW 100 na kuendelea usiku na mchana, au kambi yoyote karibu na ikweta: mpasuko, na vinu viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, paneli zikibaki kama akiba. Tanuri la udongo ulioyeyuka hufanya kazi kwenye nyuzijoto 1,600 hivi. Likipoa katikati ya kazi udongo huganda ndani na tanuri limekwisha. Mzigo wa namna hiyo hauvumilii mgao.

Muungano uufikirie mahitaji yakipita mamia ya megawati, baada ya kituo cha kibiashara kusimama duniani na kufanya kazi miaka kadhaa bila kufunguliwa. Usiuweke kwenye bajeti ya sasa, wala usinunue tingatinga la heliamu-3 kwa jina la umeme wa kambi.

Chochote utakachochagua, kebo ya volti 3,000 ishuke na shehena ya kwanza. Kinu kinaitaka kwa sababu lazima kikae kilomita moja na watu, paneli zinaitaka kwa sababu mwanga uko juu na barafu iko chini. Ichague ya alumini, iviringishwe kwenye gurudumu ambalo kigari kinaweza kulivuta, na maganda yake yapimwe kwa kukunjwa kwenye nyuzijoto −200 kabla ya kuondoka, kwa maana plastiki ya kawaida hupasuka kama biskuti mara ya kwanza gurudumu linapozunguka kivulini.